Umeme umefika Kisaki, fundi friji yuko wapi?

Leo tuziache kidogo siasa za Dodoma, nina ishu inanikera muda mrefu. Ukipita maduka ya pale karibu na stesheni ya TAZARA Kisaki, angalia vizuri yale mafriji. Mengine yanafanya kazi. Mengine yamegeuzwa kabati: ndani kuna unga, sabuni, madaftari ya madeni. Ukimuuliza mwenye duka anakwambia "limekufa tu, fundi yuko Morogoro." Na Morogoro mjini, kwa asiyejua, ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kupitia Mvuha na Matombo. Mvua zikikolea, safari yenyewe ni majaliwa. Sasa nani atapakia friji kwenye basi?

Mtu anaweza kusema hii ni stori ndogo ya kijijini. Mie nasema si ndogo hata kidogo, na nitaeleza.

Tuanze na umeme. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni jirani yetu kabisa. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2018, jiwe la msingi likawekwa Julai 2019, na mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme Februari 2024. Mitambo iko 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Mizigo mingi ya ujenzi ilipita kwenye reli hii hii ya TAZARA na kushushwa stesheni ya Fuga. Tuliiona ikipita. Kwa upande mwingine, Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, uko kazini tangu 2007, na kuunganishiwa umeme kijijini kukawa Sh. 27,000. Serikali inasema vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimeshafikiwa na kazi imehamia vitongojini.

Safi. Hapo hatuna ugomvi. Tatizo ni kwamba tumepeleka nguzo, tumepeleka waya, tumepeleka mita ya LUKU, lakini fundi hatujampeleka.

Umeme ukifika mtu ananunua nini? Kwanza taa na chaji ya simu. Halafu redio na TV. Akipata hela kidogo zaidi, friji. Wenzetu wa Ulaya wana mafundi kazi yao ni kufunga mitambo ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Fundi wa hivyo akija Kisaki atakufa njaa, maana joto tunalo la bure, hadi kuna chemchemi za maji moto yanayotoka ardhini yenyewe. Kwetu sisi kinachouzwa ni ubaridi. Soda baridi, maji baridi, barafu, samaki asiyeoza kabla ya jioni. Zahanati inahitaji friji la chanjo, na chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8, hazikubali ubabaishaji. Kuna Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyotangazwa 2019, na kambi za watalii zenye mafriza ya nyama na viyoyozi. Vyote hivyo siku moja vitaharibika. Nani anavitengeneza? Mara nyingi ni mtu anayepigiwa simu kutoka mjini, analipwa nauli, chakula, malazi na ufundi. Hiyo hela yote ingeweza kubaki hapa.

Fundi tuliye naye

Simdharau fundi wa mtaani. Ndiye anayetengeneza redio, pasi, simu na feni, tena kajifunza mwenyewe kwa kuangalia. Lakini friji ni mnyama mwingine. Kuna jambo moja wengi hatulijui na linatula hela kila mwaka: gesi ya friji haiishi kama petroli ya bodaboda. Inazunguka tu ndani ya mabomba, mwaka hadi mwaka. Ikipungua maana yake imevuja. Kwa hiyo fundi anayekujazia gesi bila kutafuta ilipovujia, amekuuzia ubaridi wa miezi michache. Utamuita tena, utalipa tena. Wengine hawafanyi kwa utapeli, hawakufundishwa tu.

Utaratibu wenyewe ni huu: unatafuta palipovuja (hata povu la sabuni linasaidia), unaziba, unavuta hewa na unyevu wote uliomo kwa pampu maalum, ndipo unajaza gesi kwa kipimo, kwa kupima kwenye mizani. Ukiruka hatua ya pampu, unyevu unabaki ndani, unaganda kwenye kibomba chembamba, friji linagoma. Au hewa iliyobaki inapandisha mgandamizo na kompresa inafanya kazi kama mtu anayepanda Uluguru na gunia la mpunga.

Na huku kwetu kuna umeme mdogo. Kijiji kikiwa mwisho wa laini ndefu, badala ya volti 230 unapata pungufu. Kompresa ikipata umeme mdogo inavuta nguvu zaidi, inapata moto, na siku moja inaungua. Umeme ukikatika na kurudi hapo hapo, kompresa inajaribu kuwaka wakati mgandamizo bado haujatulia. Kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, ni cha bei ndogo ukilinganisha na kompresa mpya. Fundi aliyesoma angekwambia hivyo siku ya kwanza.

Gesi zinabadilika, na hapa ndipo penye hatari

Hii sehemu nawaomba mwisome taratibu. Mwaka 1987 dunia ilikubaliana kule Montreal kuachana na gesi zinazotoboa tabaka la ozoni, na Tanzania imo. Gesi ya zamani ya mafriji, R-12, ikaondolewa. R-22 iliyojaa kwenye viyoyozi inafuata: nchi kama yetu zilitakiwa zipunguze matumizi yake kwa asilimia 67.5 kufikia 2025, na 2030 iwe karibu imekwisha, ibaki kidogo tu ya kuhudumia mashine za zamani. Halafu mwaka 2016, pale Kigali, nchi zikakubaliana kupunguza hata gesi zilizokuja badala yake, kama R-134a na R-410A, kwa sababu zinapasha dunia joto kupita kiasi. Nchi za kundi letu zilipangiwa kusimamisha ongezeko 2024, kupunguza asilimia 10 ifikapo 2029, na kwenda hivyo hadi asilimia 80 mwaka 2045.

Sasa zinazochukua nafasi ni zipi? Mafriji mengi mapya ya nyumbani yanatumia R-600a. Mafriza ya biashara mengi R-290. Viyoyozi vipya R-32. Ni nafuu kwa hali ya hewa, lakini zote zinashika moto. R-600a na R-290 ni ndugu wa gesi ya kupikia. Friji la nyumbani huwa na kiasi kidogo, kwa kawaida chini ya gramu 150, ndiyo maana ukiwa nalo jikoni halina neno. Neno linakuja pale fundi asiyejua anapochukua tochi ya kuchomea na kuelekeza moto kwenye bomba lenye gesi ndani, tena kwenye chumba kilichofungwa madirisha. Miaka 20 iliyopita angefanya hivyo kwenye friji la R-12 asilipuke. Leo anacheza na uhai wake na wa mwenye nyumba.

Wapo pia wanaojaza friji lolote kwa gesi ya mtungi wa jikoni kwa kuwa ni rahisi. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko, haina usafi unaotakiwa, na friji la zamani halikuundwa kwa gesi inayowaka: swichi yake inaweza kutoa cheche. Jamani, tusifanye hivyo.

Kwa hiyo ishu si ajira peke yake. Fundi ambaye hatasoma ndani ya miaka hii michache atakuwa hatari, na baada ya hapo atakuwa hana kazi.

Njia ipo, ila ina visiki

VETA ilianzishwa kwa sheria ya 1994. Fani ya majokofu na viyoyozi ipo, chuo cha Chang'ombe pale Dar kinajulikana kwayo. Unasoma kwa ngazi, ya kwanza hadi ya tatu. Ada ya vyuo vya VETA vyenyewe kwa miaka mingi imekuwa Sh. 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na Sh. 120,000 kwa wa bweni. Kwa hiyo anayesema ada ndiyo inamshinda, mara nyingi hajauliza. Kinachoshinda ni chumba, chakula, nauli, na vifaa. Mtoto wa mkulima wa ufuta wa Kisaki kukaa Dar au mjini mwaka mzima ni mtihani kuliko mtihani wenyewe.

Lingine la kuchekesha, au kuliza: walimu wa ufundi stadi wa nchi nzima wanafundishwa mkoani kwetu, kwenye Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi pale Morogoro mjini. Chemchemi iko kwetu, sisi tuna kiu.

Kisiki cha pili ni dharau. Ukimaliza kidato cha nne ukapata divisheni foo, watu wanakwambia "basi nenda VETA", kama wanakupeleka jela. Nami nimesikia hayo. Lakini hebu tuangalie. Ufundi friji unataka ujue uhusiano wa mgandamizo na kiwango cha kuchemka, joto linaloliwa kimiminika kinapogeuka mvuke, na umeme wa kompresa. Hiyo ni Fizikia yote tuliyokariri darasani bila mtu kutuambia kwamba ndiyo friji la mama ntilie pale sokoni. Kazi ya waliofeli iko wapi hapo?

Najua kuna mdau atasema: "Kisaki ina mafriji mangapi? Fundi atakula nini?" Swali zuri. Fundi wa friji tu, Kisaki peke yake, anaweza kukaa na njaa. Ila anayejua friji, kiyoyozi, wayaringi na sola, anayehudumia Kisaki, Bwakila, Duthumi na Mvuha, na anayeweza kupanda treni hadi Mang'ula na Ifakara, huyo hakosi. Hatari kubwa ni nyingine: akishasoma anabaki Dar, kwenye viyoyozi vya Posta na Masaki, na simlaumu. Ndiyo maana naona tusianze na kumtoa kijana kijijini. Tuanze na yule ambaye tayari yupo na hana mpango wa kuondoka.

Mapendekezo yangu ni haya:

1. VETA walete kozi fupi huku, wiki kadhaa, kwa mafundi redio na mafundi umeme waliopo: kutafuta uvujaji, kupima gesi, usalama wa gesi zinazowaka. Pia utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani upo tayari serikalini, fundi anapimwa anapewa cheti. Mafundi wa vijijini wengi hawajawahi hata kuusikia.

2. Halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Kikundi cha vijana watano kikikopa pampu, geji, mizani na tochi, wakavitumia kwa zamu, mie naona ni bora kuliko kuongeza bodaboda nyingine kijiweni ambako tayari abiria mmoja anagombaniwa na madereva kumi.

3. Sisi wateja tubadilike. Fundi akija muulize maswali matatu tu: Umeona palipovuja? Friji hili linatumia gesi gani? (Imeandikwa kwenye kibandiko nyuma au ndani.) Utavuta hewa kwa pampu kabla ya kujaza? Akianza kung'aka, mlipe soda umshukuru, aende.

Bwawa limejengwa kwa matrilioni, na sina kinyongo. Ila megawati 2,115 hazimpozei mama maziwa kama kompresa imeungua na hakuna wa kuitazama. Umeme unafika na nguzo. Maendeleo yanafika na mtu anayejua kutumia spana.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Aliyesoma friji na viyoyozi atuambie alisoma wapi, ilimgharimu nini, na sasa anapata kazi au anabangaiza. Na kama uko Mvuha, Duthumi au Mang'ula na fundi wa uhakika yupo, mseme, watu wanamhitaji. Matusi hapana, hoja ruksa.

Nawasilisha.