Waliohesabu Mbung'o wa Shinyanga

Ukimwuliza kijana wa Shinyanga leo ni mtaalamu gani wa sayansi aliyepata kuishi katika nchi yake akaacha athari, aghalabu atakutajia Williamson, yule Mkanada mwenye shahada ya udaktari wa jiolojia aliyevumbua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na ambaye mgodi wake ulitoa mwaka 1947 lile jiwe la rangi ya waridi, la karati zipatazo 54, alilotunukiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Na ukisogea mpaka Geita, ambako dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1930, utatajiwa makampuni kabla hujatajiwa mwanachuoni hata mmoja. Sina ugomvi na Williamson, kwani alitafuta kwa subira kabla ya kupata. Ninayoishitaki ni desturi yetu ya kuwapimia wataalamu kumbukumbu kwa mizani ya sonara, hata aliyetuachia ilimu isiyouzika sokoni tukamwona hakutuachia kitu.

Maana katika nchi hiyo hiyo, mahali paitwapo mpaka sasa Old Shinyanga, palikuwa na makao makuu ya Idara ya Utafiti wa Mbung'o ya Tanganyika, na mkuu wake alikuwa Charles Swynnerton, aliyeanza kwa kuwa mlinzi mkuu wa kwanza wa wanyamapori wa Tanganyika chini ya Waingereza. Ugonjwa wa malale ulipozuka karibu na Mwanza mwaka 1922, yeye ndiye aliyechunguza upande wa wadudu, na katika mapori yale alikuwamo mbung'o wa aina ambayo wataalamu walikuwa hawajaiandika bado, naye mwaka 1923 akaitwa Glossina swynnertoni kwa heshima yake. Bwana huyu hakuridhika na kumlaani mdudu. Alitaka kujua anapenda kivuli gani, anafuata mnyama gani, anakimbia moto wa mwezi gani. Na baada ya kujua hayo, akashauriana na watemi, na watu kwa maelfu wakatoka na mashoka kufyeka vichaka ili ng'ombe wapate kulishwa bila nagana, yaani malale ya mifugo, na binadamu walale bila hofu ya malale. Kitabu chake kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1936, na miaka miwili baadaye akafa kwa ajali ya ndege humu humu Tanganyika, pamoja na Bernard Burtt, mwanabotania aliyeijua miti ya nchi hii kama mwenyeji.

Lakini jambo ninalotaka watoto wetu wa skuli walijue kuliko yote ni hesabu ya C.H.N. Jackson, aliyekuwa katika idara hiyo hiyo. Tuseme unataka kujua idadi ya mbung'o wa pori fulani, na kuwahesabu mmoja mmoja haiwezekani. Unawakamata 100, unamtia kila mmoja nukta ya rangi, unawaachia warudi porini. Siku chache baadaye unakamata 200, na katika hao unawakuta 10 wenye nukta. Basi mwenye nukta ni mmoja katika kila 20, na kwa kuwa wenye nukta kwa jumla walikuwa 100, mbung'o wote wa pori lile hukadiriwa kuwa 2,000. Asili ya fikira hii ni ya zamani, kwani Laplace wa Ufaransa alikwisha tumia mfano wake kukadiria watu wa nchi yake. Walakini mbung'o hufa, huzaliwa, na huhamia kutoka pori la jirani, na nukta za leo hazisemi sawasawa na nukta za wiki iliyopita. Hapo ndipo Jackson alipoonyesha akili, kwa kutia alama wiki baada ya wiki na kuzilinganisha, mpaka hesabu ikamwambia si wangapi wapo tu, bali wangapi wanakufa na wangapi wanaingia. Makala zake zilianza kuchapishwa katika miaka ya 1930. Mwaka 1965 wataalamu wawili wa takwimu, Jolly na Seber, kila mtu kwa upande wake, walitengeneza kanuni zinazotumiwa mpaka leo kukadiria samaki, ndege na wanyama wa kila namna, na mwenye kufuata nasaba ya kanuni hizo nyuma sana atajikuta, pasipo kutazamia, katika vichaka vya Usukuma.

Sasa, nani aliwakamata mbung'o hao? Jackson hakuwakamata peke yake. Walikuwako vijana wa Kiafrika waliozunguka njia maalumu porini na nyavu mkononi, wakisimama kila baada ya hatua kadhaa, wakiung'atisha mwili wao kwa mdudu awezaye kuwatia malale. Na yeyote aliyesoma hesabu kidogo anajua kwamba kijana mmoja mvivu, aandikaye 12 pale alipoona saba, angeibomoa kazi yote. Uaminifu wao ndio msingi wa kanuni yenyewe, ilhali majina yao hayakupanda kwenye kichwa cha makala. Tazameni tofauti: Erasto Mpemba, mwanafunzi wa skuli ya Magamba, aliuliza mwaka 1963 kwa nini mchanganyiko wa maziwa ya moto huganda kabla ya ule uliopoa, akachekwa, lakini mwalimu wa fizikia Denis Osborne alilipima swali lile, na mwaka 1969 walipochapisha, jina la mwanafunzi likaandikwa pamoja na lake. Kwa kitendo hicho kimoja cha insafu dunia nzima inamjua Mpemba.

Atasimama mtu aniambie kwamba namsifu mkoloni aliyeifanya Shinyanga jangwa. Hoja hii ina haki yake, wala siikwepi. Kufyeka vichaka kwa ajili ya mbung'o kulikuwa sababu moja, pamoja na mashamba ya pamba na wingi wa mifugo, iliyoiacha ardhi uchi, mpaka mwaka 1986 ikabidi uanzishwe mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao uliwarudisha watu kwenye ngitili za wazee wao, yaani malisho yaliyofungwa kwa msimu, hata ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi zikapita hekta 300,000. Haya yote yasomwe pamoja. Mtaalamu akumbukwaye kwa mema yake peke yake amegeuzwa walii, na walii hasahihishwi. Bali Swynnerton, aliyejifunza kwa kupima, anastahili kupimwa.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa hisabati wa Shinyanga, Kahama na Geita: chukueni debe la maharage, mtie rangi punje 100, mchanganye, mteke kikombe, na darasa likadirie debe zima kabla ya kuambiwa kwamba hesabu hii ilikuzwa nyumbani kwao. Na nyinyi wa Geita msijione mko mbali na habari hii, kwani vichaka vyenu vilifyekwa baada ya vita vya pili vya dunia ili watu waliobanana Usukuma wahamie na ng'ombe wao, na huenda wajukuu wa wafyekaji hao ndio leo wanaoshinda mashimoni wakitafuta dhahabu. Nendeni kwa wazee wa nyumba hizo na daftari, mkaulize ni nani katika ukoo alishika wavu, alilipwa nini, aliumwa na nini, mkaandike jina lake na la baba yake.