Kocha wa shule aachwe azeekee shuleni

Msimu wa mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA unapokaribia, shule nyingi za Kibondo na Kasulu huanza moja. Anatafutwa mwalimu wa kuchagua timu, watoto wanapimwa kwa mechi mbili tatu, kambi ya wilaya inakaa siku chache, na mashindano yakiisha kila mtu anarudi kwao. Mwalimu aliyeanza kuwafahamu watoto akihamishwa, anayempokea hakuti hata daftari la majina. Tunalalamikia viwanja, mipira na jezi, na tuna haki. Lakini kuanzia Murungu hadi Kabanga, pengo kubwa zaidi la michezo yetu ni la mtu: kocha wa shule anayekaa mahali pamoja miaka ishirini au thelathini.

Faida ya mtu wa namna hiyo inaonekana kwa majirani zetu Kenya. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika Iten kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa na mafunzo ya ukocha wa riadha. Alimkuta mwalimu Peter Foster akiwanoa wanariadha, na Foster alipoondoka yeye akashika kazi hiyo. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wenyewe, mwaka hadi mwaka: nani huumia akizidishiwa mazoezi, nani huchelewa kukomaa, nani anahitaji kuzuiwa kuliko kuhimizwa. Mwaka 1988 Peter Rono, aliyesoma hapo, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mjini Seoul. Mwaka 1992 Matthew Birir akafanya hivyo Barcelona, katika mbio za kuruka viunzi na maji. Miaka 20 baadaye David Rudisha, aliyenolewa na bruda huyohuyo, alikimbia mita 800 jijini London kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Kati ya kuwasili kwa mwalimu na rekodi hiyo ilipita miaka 36. Hakuna mradi wa miaka mitatu ambao ungeweza kusubiri kiasi hicho.

Marekani nako upo mfano wa mchezo tusioucheza kabisa. John Gagliardi alifundisha futiboli ya Kimarekani katika St John's, chuo kidogo cha Wakatoliki jimboni Minnesota, tangu 1953 hadi 2012. Alistaafu akiwa na ushindi wa mechi 489, nyingi kuliko kocha mwingine yeyote wa vyuo nchini humo. Katika mchezo wa kuangushana, yeye aliwakataza wachezaji wake kuangushana mazoezini wasije wakaumia. Kocha anayehesabiwa siku hathubutu kufanya jambo la ajabu namna hiyo, kwani akipoteza mechi mbili amefukuzwa. Gagliardi alithubutu kwa sababu alikuwa na muda wa kuona kama njia yake inafaa, na chuo kilimwachia muda huo.

Wapo watakaosema kwamba Iten imebebwa na mwinuko wake wa mita zipatazo 2,400 pamoja na jadi ya mbio iliyokuwepo kabla ya bruda huyo. Ni kweli jadi ilikuwepo. Mike Boit, aliyesoma St Patrick's, alipata shaba ya Olimpiki mwaka 1972. Lakini hata Tanzania ina miinuko yake ya Mbulu na Karatu, na imetoa wakimbiaji hodari. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, kisha yeye na Suleiman Nyambui wakaleta medali mbili za fedha kutoka Moscow mwaka 1980. Tangu hapo, hadi michezo ya Paris ya 2024, hatukuongeza medali nyingine ya Olimpiki. Dhahabu ya dunia ya marathoni ya Alphonce Simbu mwaka 2025 imetuonyesha tena kuwa vipaji vipo. Mwinuko hutoa mkimbiaji mmoja mmoja. Mlolongo usiokatika unahitaji mtu anayempokea mdogo mkubwa wake anapoondoka.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mtu akikaa mno mahali pamoja huzoea, hupendelea, na pengine hutumia vibaya mamlaka yake juu ya watoto. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake ni usimamizi. Kocha awe na daftari la wazi la mahudhurio na uteuzi, wasichana wawe na mwalimu wa kike kambini, bodi ya shule ikague kila mwaka, na atakayekosa aondolewe. Kumhamisha mbaya ni kumpelekea jirani tatizo, na kumhamisha mzuri ni kujipokonya hazina. Wengine watauliza nani atakubali kuzeekea Kibondo. Wapo wanaobaki hata sasa, kwa kuwa wamejenga, wana mashamba na watoto wao wanasoma huko. Kinachokosekana ni kazi yao ya jioni uwanjani kuhesabiwa kuwa kazi.

Mahali pa kuanzia papo. Kasulu kuna vyuo viwili vya ualimu, cha Kasulu na cha Kabanga, na walimu wa michezo wanaweza kupelekwa kusoma zaidi Chuo cha Michezo Malya. Halmashauri zichague shule chache, kila moja iwe na mwalimu wa michezo asiyehamishwa kwa miaka kumi ila kwa ombi lake au kwa kosa lake, apunguziwe vipindi, na apewe msaidizi kijana atakayemrithi. Hilo halisubiri mfadhili wala uwanja wenye nyasi. Linahitaji saini ya afisa elimu, na wazazi wenye subira ya kutodai vikombe mwaka wa kwanza.