Msiilaumu Samadi

Ukianza bustani nyuma ya nyumba hapa Soitsambu, hutachelewa kuambiwa: usitie samadi, inaunguza mboga na kuleta magugu. Nimeyasikia maneno hayo kwa wafugaji na kwa waliosoma, nami nayapinga. Yanatufanya tulale kando ya zizi lililojaa samadi ya miaka mingi huku mchicha wetu ukiwa wa njano.

Kinachounguza ni samadi mbichi. Ina mkojo, na amonia yake hukausha mche mchanga kwa siku chache. Ng'ombe na mbuzi nao hula majani pamoja na mbegu, na nyingi hutoka nzima. Ukiimwaga kama ilivyotoka zizini, umepanda magugu kwa mkono wako. Iozeshe kwanza.

Kwetu kiangazi ni kirefu, kwa hiyo chimba shimo la nusu mita chini ya kivuli cha mti, lundo lisikauke upesi. Tandika mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, juu yake majani mabichi, kisha samadi na majivu kidogo, unyunyize maji. Rudia mpaka lifike kiunoni, ufunike kwa nyasi. Chomeka fimbo katikati. Siku ya tano ichomoe uishike: ikiwa ya moto kiasi cha kiganja kukataa, kazi inakwenda. Joto likipita nyuzi 55 huua mbegu za magugu na mayai ya minyoo. Fimbo ikitoka baridi na kavu, ongeza maji. Ikitoka baridi na kunuka, maji yamezidi, ongeza mabua. Pindua kila wiki tatu, cha nje kiingie ndani. Baada ya miezi mitatu hivi utashika kitu cheusi kinachomeguka, chenye harufu ya udongo ulionyeshewa: hiyo ndiyo mboji.

Wengine husema haya ni mambo ya miradi na wageni. Lakini Wamatengo wa Mbinga walikuwa wakifukia nyasi kwenye ngoro, mashimo yao ya kulimia, kabla Mjerumani hajafika. Wakara, katika kisiwa chao kidogo cha Ukara ndani ya Ziwa Victoria, waliwafunga ng'ombe kwenye mashimo na kuwakatia majani ili samadi yote iende shambani. Sisi wenye mazizi makubwa kuliko yao tunainunua mbolea dukani!

Masika yetu huanza Machi. Shimo likijazwa mwanzoni mwa Desemba, mboji itakuwa tayari kwa kupandia.