Leza Nayo Isemwe kwa Kiswahili

Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyimbo, na kwamba fizikia isomwe kwa Kifaransa au Kiingereza. Ninalipinga dai hilo, na kwa makusudi nachagua mfano mgumu: kutengeneza tando nyembamba za chembe za nano kwa leza.

Kazi yenyewe ni hii. Ndani ya chumba kilichoondolewa hewa huwekwa kipande cha madini. Leza hukipiga kwa mapigo mafupi mno, ya sehemu za bilioni za sekunde. Uso wa kipande hugeuka mvuke unaowaka, nao huruka na kutua juu ya kioo kilichowekwa mbele yake, tabaka juu ya tabaka. Ukiingiza gesi kidogo, atomi za mvuke hugongana, hupoa na kushikamana kuwa chembe kabla ya kutua. Smith na Turner waliijaribu njia hii mwaka 1965, miaka mitano tu baada ya leza ya kwanza kuwaka. Je, ipo sentensi hapo iliyokushinda, msomaji?

Watasema hatuna istilahi, hata "leza" tumeazima. Naam, na Kifaransa nacho kiliazima. Kiingereza chenyewe kililiunda neno hilo kwa kuokota herufi za mwanzo za maneno marefu. Kuazima neno hakujaifukarisha lugha yoyote. Kunyamaza ndiko kunakotugharimu.

Tazama utando wa dioksidi ya vanadi, ambao huweza kutengenezwa kwa leza. Ukiwa baridi hupitisha joto la jua. Ukifika nyuzi 68 hivi za Selsiasi huanza kulizuia. Mlyuka na Kivaisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, japo hawakutumia leza, walichapisha utafiti juu ya tando hizo mwaka 2006, kwa Kiingereza. Huku Kajaga, kando ya Ziwa Tanganyika, tunaoishi chini ya mabati tunalijua joto la mchana vizuri sana, lakini habari hiyo haikutufikia.

Sisemi Kiingereza kifukuzwe. Nadai kila tasnifu ya sayansi iwe na kurasa mbili za Kiswahili, na sisi wanafunzi wa lugha tukae na wenzetu wa fizikia tuziandike pamoja. Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Basi na kifanye kazi maabarani pia. Wahadhiri wetu, tuanzeni na tasnifu za mwaka huu.