KOCHA, MWANACHUO SIYO INJINI YA MTUMBWI!

Leo sina stori ya staa kaachika wala nani kanunua gari la mkopo. Leo nina jambo la mbio. Najua kuna watu wanataka kuruka hii posti, ila tulieni kidogo, maana linawahusu wadogo zetu walioko vyuoni.

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu. Kocha mmoja wa chuo fulani huku Kanda ya Ziwa (jina kapuni, chuo kapuni, anayejua anajua) amesimama juani, filimbi mdomoni, fimbo mkononi. Wanachuo wanapandishwa kilima mpaka mmoja anatapika pembeni. Kocha anacheka, anasema hiyo ndiyo dawa ya uvivu. Chini yake watu wamejaza emoji za moto, "kocha chuma", "kocha wa kazi".

Jamani, mnashangilia nini?

Mimi nasema bila kumung'unya maneno: ile siyo tizi. Ile ni adhabu, tofauti ni kwamba watu wamevaa jezi.

Tuanze na jinsi timu nyingi za mbio za nyika zinavyopatikana kwenye vyuo vyetu. Mwaka mzima hakuna anayekimbia. Zikibaki wiki mbili kwenda kwenye michezo, tangazo linabandikwa ubaoni. Watu wanakusanywa, wengine na raba za kuazima, wanakimbizwa asubuhi na jioni kila siku ili "wapate pumzi". Na kweli pumzi inakuja! Hapo ndipo mtego ulipo. Moyo na mapafu vinazoea mbio ndani ya wiki chache tu, ila mifupa na mishipa ya miguu inahitaji miezi kukomaa. Kwa hiyo mtoto anajisikia mwepesi, kocha anaona amepata chuma, anamwongezea mzigo. Baadaye mguu unaanza kuuma kwenye ugoko. Akisema, anaitwa mvivu. Akinyamaza, mfupa unapata ufa.

Huku Goziba tuna binti mmoja, jina lake silitaji. Huyu amekua akipandisha ndoo za dagaa kutoka mwaloni, miguu anayo, roho anayo. Akaenda chuo, akaingizwa timu. Kocha wake akamwambia mbele ya wenzake kwamba ana tumbo kubwa, apunguze kula. Akaanza kula sahani moja kwa siku. Hedhi ikakata miezi kadhaa. Alipouliza, akajibiwa eti mwili umeshakuwa wa kimichezo, afurahi. Kilichofuata ni mguu kupasuka mfupa. Sasa hivi yupo nyumbani anaanika dagaa, na akiona watu wanakimbia anageuza uso.

Sasa mje mniambie huyo naye alikuwa mvivu.

Na msidhani haya ni mambo ya huku tu. Marekani kuna dada anaitwa Mary Cain, alikuwa moto wa kuotea mbali, mwaka 2013 akiwa bado kijana wa shule akachukuliwa na mradi wa mbio wa Nike. Novemba 2019 akajitokeza kwenye gazeti la New York Times akasimulia jinsi alivyobanwa apungue uzito, akakosa hedhi miaka mitatu, akavunjika mifupa mitano. Kule kuna pesa, maabara na madaktari, na bado binti aliumia. Sembuse huku kwetu ambako daktari wa timu ni chupa ya maji na dawa ya kuchua! Dada zangu wanamichezo shikeni hili: hedhi ikikata kwa sababu ya mazoezi na njaa, huo siyo ushujaa. Mwili unakwambia chakula hakitoshi na mifupa inaanza kudhoofika. Nendeni hospitali.

Najua kocha atanijibu nini. Atasema, "Wakenya wanateseka, ndiyo maana wanashinda."

Haya, twende kwa Wakenya. Eliud Kipchoge kule Kaptagat siku zake ngumu kwa wiki zilikuwa tatu: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku nyingine ni mbio nyepesi, unakimbia huku unapiga stori. Kocha wake, Patrick Sang, naye ni mtoto wa chuo, alisoma na kukimbia Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, akachukua medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji Olimpiki ya 1992. Angekuwa anaamini fimbo, angeshika fimbo.

Halafu kuna Brother Colm O'Connell. Huyu ni mmisionari wa Ireland, alifika shule ya St. Patrick's, Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia. Cheti cha ukocha hakuwa nacho. Alichofanya ni kukaa na vijana, kuwaangalia wanavyokimbia, kuwasikiliza na kutowaharakisha. Mikononi mwake ametoka David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 London mwaka 2012 na kuweka rekodi ya dunia. Kwa hiyo hata ile hoja ya "sisi hatukusomea ukocha" haina miguu. Tena sisi watu wa Kagera tunaitwa nshomile, tunajisifu kusoma, kufungua kitabu kimoja cha mazoezi ndiyo kunatushinda?

Watabaki na kisingizio cha mwisho: "Wenzetu wana mwinuko, sisi tupo ziwani."

Sasa hapa ndipo napenda. Ziwa Victoria lipo kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mji wa El Paso kule Texas upo kama mita 1,140. Ni kama vile wapo mwaloni kwetu, tena wao wana jangwa. Chuo cha mji huo, UTEP, kilichukua ubingwa wa mbio za nyika za vyuo vya Marekani mara nne mfululizo, 1978 mpaka 1981. Na mwaka 1980 aliyeshika namba moja kwenye mbio hizo alikuwa nani? Suleiman Nyambui, Mtanzania, mzaliwa wa Majita, Mara, pembeni ya ziwa hilihili letu! Mwaka huohuo alishachukua medali ya fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow. Mwenzake wa chuo hichohicho, Gidamis Shahanga, alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola 1978 na mita 10,000 mwaka 1982.

Ila msikilize vizuri hapa. Nyambui alizaliwa 1953. Hesabu mwenyewe, ubingwa ule wa vyuo ameuchukua akiwa na miaka 27. Alikuwa ni mtu mzima aliyekomaa miguu kwa miaka. Hakuokotwa ubaoni wiki mbili kabla ya mashindano.

Kuna kitu kingine makocha wetu wanasahau: mbio za nyika ni mchezo wa timu. Kule Marekani kwenye vyuo timu inaingiza watu saba, wanahesabiwa watano wa kwanza, nafasi zao zinajumlishwa, mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Tufanye wewe una mastaa watatu wameshika nafasi ya 1, 2 na 3, halafu wa nne kawa wa 90 na wa tano wa 110. Jumla yako ni 206. Mwenzako hana staa hata mmoja, watu wake wamekuja wa 20, 22, 25, 28 na 30. Jumla yake 125. Amekupiga vibaya sana! Sasa yule anayetapika pembeni huku unamcheka, huenda ndiye wa tano wako. Ukimfukuza au ukimvunja, umejivunja mwenyewe.

Kazi ya kocha ni kumjua kila mtu na mzigo wake. Awe na daftari. Huyu ametoka nyumbani kwa kukimbia, huyu hajakimbia toka darasa la saba, huyu jana alikesha na mtihani. Huwezi kuwapandisha kilima kimoja mara sawa halafu ukajiita mtaalamu.

Na kupumzika nako ni tizi. Wavuvi wa dagaa hawana cheti cha michezo, ila wanalijua hili. Mbalamwezi ikiwaka, taa zetu hazivuti dagaa, mitumbwi inalala mwaloni. Watu wanashona nyavu, wanafanya matengenezo ya injini, wanalala. Hakuna tajiri wa kambi anayewachapa fimbo waingie majini usiku huo, maana anajua atachoma mafuta bure. Hata injini inamwagiwa oili na kupumzishwa. Mwanachuo anapewa maharage ya maji na kilima cha kumi.

Mmeona Alphonce Simbu Tokyo, Septemba 2025? Bingwa wa dunia wa marathoni, saa 2:09:48, kamshinda Mjerumani kwa sekunde 0.03 tu. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Mwaka 2016 Rio alikuwa wa tano, 2017 London akapata shaba. Kutoka Rio mpaka dhahabu ni miaka tisa. Kama angepata kocha wa ile klipu mwanzoni kabisa, leo tungekuwa tunamjua?

Kwa hiyo kocha wangu wa filimbi, nakuheshimu kama kaka, ila sikiliza. Anza timu muhula unapofunguliwa. Ongeza mzigo kidogo kidogo. Siku ngumu zisizidi tatu kwa wiki. Maneno ya tumbo la mtoto wa watu yaache, na timu ya wasichana iwe na mama au dada wa kuongea naye mambo ya mwili. Mtu akisema mguu unauma, mwamini. Na hiyo fimbo rudisha ulikoichuma.

Na nyie uongozi wa vyuo msijifiche nyuma ya kocha. Mnataka kikombe cha kupigia picha ofisini, lakini hela ya uji wa timu hamna.

Wewe uliyepo chuo na unakimbia, kocha wako yupoje? Shuka kwenye komenti uniambie, majina weka kapuni. Na ile klipu, usiisambaze tena.