Mtoto anapomshangilia mhalifu wa kitabuni

Wazazi wengi tunapokagua kitabu cha mtoto tunatafuta mambo mawili: matusi na mapenzi. Tusipoyaona tunamrudishia kitabu chake na kuendelea na shughuli zetu. Lakini vipo vitabu visivyo na hayo yote ambavyo vitamletea mwanao swali zito katikati ya chakula cha jioni: "Mama, mtu akivunja sheria ili kuokoa bundi, ni mhalifu?"

Naizungumzia Hoot, riwaya ya watoto ya Carl Hiaasen wa Florida, Marekani. Ilitoka 2002, na mwaka uliofuata ikatajwa kwa heshima katika tuzo ya Newbery. Hiaasen alikuwa mwandishi wa gazeti la Miami Herald kuanzia 1976 hadi 2021, akiandika jinsi vinamasi na fukwe za jimbo lake zinavyogeuzwa viwanja vya kuuza na nani anakatiwa chake. Mambo hayo hayo ameyatia kwenye riwaya zake, ila humo yanachekesha.

Katika Hoot, kampuni inataka kujenga mgahawa wa chapati za maji kwenye kiwanja ambacho bundi wadogo wamejichimbia mashimo. Ndiyo, bundi. Kwetu akilia juu ya paa usiku, bibi anaanza kuhesabu wagonjwa wa ukoo. Hawa wa Florida wanaishi ardhini, na urefu wao haufiki hata rula ya shule. Mvulana mmoja mtoro, anayetembea peku, anaamua kuwatetea. Usiku anang'oa vigingi vya wapimaji. Anaweka mamba kwenye vyoo vya mafundi. Askari anayelinda kiwanja anasinzia ndani ya gari la polisi. Mtoto anapaka vioo rangi nyeusi, na askari akiamka anadhani bado ni usiku.

Mwanao atacheka hadi alie machozi. Halafu ndipo swali linakuja.

Jibu la haraka ni "sheria ni sheria, kula". Mimi naona tusilitoe. Mwambie ataje watu wote waliovunja sheria kwenye hadithi ile. Ataanza na yule mtoto wa peku, kwa sababu makosa yake yanaonekana. Muulize basi: ile ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira iliyopaswa kuwa ndani ya faili la mradi, ilikwenda wapi? Ni aina ile ile ya ripoti ambayo Tanzania inaidai kwa miradi mikubwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Bundi wale wanalindwa na sheria, na kampuni inajua wapo. Mhalifu mkubwa wa kitabu amevaa suti, na hakushika hata kigingi kimoja. Mtoto wa miaka 11 akilielewa hilo, amepata somo la uraia ambalo darasani hulikariri bila kuliona.

Lakini na mamba tusiwaache wapite. Anayeingia chooni asubuhi ni fundi mwenye watoto wake nyumbani. Mwenye kampuni yuko mbali kabisa. Angeng'atwa, tungecheka? Na mwombe mwanao aangalie vizuri mwisho wa hadithi, kwa sababu tingatinga halisimamishwi na mamba. Zaidi ya hapo simalizii.

Kwa familia yenye watoto wakubwa kidogo, mimi ningechagua Flush ya 2005. Humo baba mmoja ameizamisha meli ya kamari kwa sababu inamwaga kinyesi baharini, na mwanawe anakwenda kumtembelea rumande Siku ya Baba. Watoto wanatafuta ushahidi kwa rangi ya chakula: wanataka kuimwaga kwenye choo cha meli, ili uchafu ukitoka baharini kila mtu auone. Inachekesha sana, lakini Hiaasen haifichi bili. Baba ana haki kuhusu kinyesi, na nyumba yake bado inayumba; mama ameanza kutaja talaka. Watoto wanaipenda bahari, ila wanamtaka baba arudi nyumbani. Ni vitabu vichache vya watoto vinavyothubutu kusema kwamba ushujaa wa mzazi unaweza kulipwa na familia.

Tahadhari moja ya mnunuzi. Ukitafuta jina la Hiaasen kwenye simu, vitabu vya watoto na vya wakubwa vinakuja pamoja. Vya wakubwa vina damu, ngono na lugha chafu. Tourist Season ya 1986 ina kundi linaloua watalii ili watu waogope kuhamia Florida. Double Whammy ya 1987 ina gavana aliyeacha kazi, akakimbilia porini na kula wanyama waliogongwa na magari. Mimi nacheka, lakini mtoto wa darasa la sita asubiri. Angalia jina la kitabu: vya watoto kwa kawaida ni neno moja, kama Hoot, Flush, Scat na Chomp, na vya wakubwa ni maneno mawili.

Kama mwanao hapendi kusoma, filamu ya Hoot ilitoka 2006. Flush itabidi aisome, au umsimulie kwa Kiswahili, sura moja kila usiku. Akifika pale baba anapokataa kuwekewa dhamana, huenda akageuka na kukuuliza kama wewe ungeizamisha ile meli. Jibu lifikirie kabla hujakinunua.