Kutunza Mti si Adhabu

Wasomaji wetu, mara nyingi baada ya ibada twawasikia wazee wakinung'unika: "Vijana wa siku hizi ni wavivu. Vilima vimekuwa vipara, chemchemi zakauka, binti zetu hufuata maji mbali, nao hawajali." Maneno hayo tumeyasikia hata tumechoka, na leo twataka kuyajibu pasipo kumwonea mtu haya, sisi walimu tukiwa wa kwanza kushtakiwa. Twasema hivi: vijana hawakuzaliwa wakichukia jembe na mche. Chuki hiyo tumewafundisha sisi.

Tumewafundishaje? Kwanza, kwa adhabu. Mtoto akichelewa shuleni, huambiwa achimbe mashimo ya miti. Akipiga kelele darasani, hupewa ndoo akamwagilie miche. Mwenye adabu hukaa kivulini na kitabu chake. Mkosaji ndiye apelekwaye bustanini. Basi mtoto atajifunza nini, ila kwamba kutunza mti ni kazi ya waliokosa? Nasi tuandikao haya tumefanya hivyo miaka mingi.

Pili, kwa maonyesho. Siku ya kupanda miti huja mgeni, ngoma hupigwa, na hotuba husomwa hata jua likawa kali. Watoto hupanda miche, kisha kila mtu huenda zake kula. Tangu siku hiyo hakuna aulizaye habari za miche ile. Mbuzi hula majani, kiangazi humaliza shina, na mwaka wa pili mashimo yale yale huchimbwa tena. Watoto si wajinga. Waona wazi kwamba hatukutaka miti; tulitaka kuonekana.

Wako wasemao, "Pasipo fimbo hakuna kazi." Twawajibu kwa mambo yaliyotukia. Katika milima ya Uluguru serikali ya Kiingereza iliwashurutisha watu kuchimba matuta ya ngazi, ili udongo usichukuliwe na mvua. Kusudi lilikuwa jema. Walakini kazi ilikuwa nzito na ya amri, na wengi hawakuona faida yake. Mwaka 1955 watu wakakataa kwa ghasia, na mpango ule ukavunjika.

Sasa tazameni Shinyanga. Huko miti ilikuwa imekatwa kwa wingi, ili kuwaangamiza mbung'o na kupata mashamba ya pamba, hata nchi ikawa kavu. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Huo ulifuata desturi ya Wasukuma wenyewe iitwayo ngitili, ya kutenga sehemu ya malisho ipumzike mpaka wakati wa kiangazi. Jamaa na vijiji wakatenga sehemu zao, wakaweka sheria zao, wakazilinda wenyewe. Na miti ikarudi katika maelfu mengi ya hekta. Fimbo ilishindwa Uluguru. Hiari ilishinda Shinyanga.

Wengine husema, "Miti ni shauri la Mungu, yeye ndiye aioteshaye." Neno hili si geni. Richard St. Barbe Baker, bwana misitu Mwingereza katika nchi ya Wakikuyu, aliwauliza wazee kwa nini walikuwa na ngoma za kupanda na za mavuno, wala hawakuwa na ngoma ya miti. Jibu lao lilikuwa hilo hilo. Mwaka 1922, badala ya kutoa amri, yeye pamoja na chifu Josiah Njonjo wakawaita vijana kwenye ngoma ya miti. Kwa masimulizi yake mwenyewe, walikuja vijana 3,000. Wakachaguliwa 50, wakaahidi kwa hiari kupanda miti 10 kila mwaka na kuitunza miti popote. Wakaitwa Watu wa Miti. Ngoma yao iliishia katika ahadi. Zetu huishia katika chakula.

Nasi Wakristo tuna udhuru gani? Kitabu cha Mwanzo, mlango wa 2, chatufundisha kwamba mtu aliwekwa bustanini apate kuilima na kuilinda. Angalieni: kazi hiyo alipewa kabla dhambi haijaingia. Ilikuwa heshima, haikuwa adhabu. Sisi ni nani hata tuigeuze?

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Walimu waache tangu leo kuadhibu kwa mche na ndoo. Mashimo yachimbwe na mwalimu pamoja na wanafunzi wake wote. Wazee waje na majembe yao. Twajua kwamba penye wazee haliharibiki neno, lakini mzee aketiye kivulini akiamuru huliharibu yeye mwenyewe. Tena vijana, wanaume kwa wanawake, wakabidhiwe chemchemi moja iwe mikononi mwao. Wachague miche wenyewe, wakikumbuka kwamba mikaratusi hunywa maji mengi na haifai karibu na chemchemi, bali mikuyu yafaa. Wapange zamu za kumwagilia na za kuzuia mbuzi. Kiangazi kikiisha, ihesabiwe miche iliyo hai, si iliyopandwa, na hesabu isomwe mbele ya watu wote. Tena, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 yakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, vijana waketi barazani jambo hilo linapokatwa.

Hatuhitaji fedha nyingi wala mgeni mkubwa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mvua za kwanza zikinyesha, na tukutane kwenye chemchemi, mzee akiwa wa kwanza kushika jembe na mwalimu wa pili. Vijana wasipokuja siku hiyo, ndipo tutakapokubali kwamba ni wavivu. Kabla ya hapo, tunyamaze.